Kirungu cha Kulinda Bampa

Kazi ya Ivani Cordeiro ilikuwa kuchora bampa za magari zinazovunjika vizuri. Ukisema hivyo São Bernardo, mji wa Brazili ambao nusu ya watu wake wamelelewa na viwanda vya magari, watu watakutazama kama uliyekosa adabu. Kwetu kitu kilichotoka kiwandani kinatakiwa kiwe imara, basi. Ivani alikwisha kuzoea kutazamwa hivyo. Alianza kazi akiwa msichana pekee katika chumba cha wachoraji, na wenzake wakamwachia bampa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Injini ndiyo kazi, walisema, bampa ni upindo wa gauni. Akaupokea upindo wake, akakaa nao miaka zaidi ya ishirini.

Bampa si lile ganda la plastiki tu. Nyuma ya ganda kuna sponji ngumu, nyuma ya sponji kuna boriti, na boriti imeshikizwa kwenye fremu ya gari kwa visanduku viwili vya bati. Visanduku hivyo ndivyo vilivyomnyima Ivani raha. Vikiwa laini mno havina faida, vikiwa vigumu mno ni heri visingekuwepo. Vikigongwa vinatakiwa vijikunje, mkunjo juu ya mkunjo, kama kodiani inayofungwa, mpaka nguvu ya pigo iishie humo humo. Watu wa chumba cha majaribio walikuwa na neno lao. Kisanduku kikijikunja sawasawa, walisema kimekula. Kikigoma, walisema kimetema, na Ivani alirudi kwenye meza yake kuanza upya.

"Pigo haliyeyuki," alikuwa akiwaambia wageni wa idara. "Likishaingia kwenye gari, lazima liliwe. Bampa isipolila, atalila aliyekaa kwenye kiti."

Nyumbani kwao maneno hayo hayakuwa na mnunuzi. Baba yake, Seu Genival kama mtaa ulivyomwita kwa heshima, alitoka Pernambuco, mbali kaskazini, akiwa kijana, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza mbele ya mashine ya kukereza chuma. Wakati wa mgomo mkubwa alikula virungu vya polisi langoni mwa kiwanda na hakurudi nyuma hatua moja, na hadithi hiyo ilipakuliwa kila Jumapili pamoja na wali wa maharage. Kwake yeye ulimwengu ulikuwa na vitu vya aina mbili, vinavyopinda na visivyopinda, na hakuna aliyehitaji kumwuliza yeye yuko upande gani. Binti yake alimpenda. Kazi ya binti yake ilimtia aibu kidogo. Akiulizwa Ivani anafanya nini, alijibu, "Anachora magari," kisha akauliza habari za mpira.

Mambo yalibadilika lilipotoka lile gari dogo la milango minne. Bampa zake zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zilikuwa za Ivani, na visanduku vya nyuma alivipigania kwelikweli, maana wakubwa walitaka viondolewe. Seu Genival akanunua moja, jeupe. Sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa madereva, akalipeleka kubarikiwa, na padre alipokwisha kulinyunyizia maji boneti na kutaka kwenda kwa gari lingine, mzee akamshika kanzu.

"Na nyuma, Padre. Nyuma ndiko alikochora binti yangu."

Habari hiyo Ivani aliipata kwa mama yake, Dona Lindalva, wakiwa wanamenya mihogo. Alifurahi kuliko alivyotaka ionekane. Aliendelea kumenya, na muhogo aliokuwa nao mkononi ukabaki mwembamba kama penseli.

Jumapili chache baadaye alipita nyuma ya lile gari uani, amebeba bakuli, na kitu kikampiga kwenye muundi wa mguu hata akaona nyota. Aliinama akitazama. Chini ya bampa yake kilikuwa kimechomoza kirungu cha chuma, cha mviringo, kimeng'arishwa mpaka unajiona uso. Ni kile cha kufungia tela. Mtaa wote ule hauna tela hata moja, lakini kila gari lina kirungu. Jirani akirudi nyuma bila kutazama, anagonga kirungu na kuumiza bampa yake mwenyewe, ya kwako inabaki salama. Ndiyo akili ya mtaani kwetu, na iulize miundi ya wapita njia, itakupa maoni yake.

Seu Genival alitoka na taulo begani. "Umekiona?"

"Kimeniona chenyewe kwanza."

"Nimekikereza kwa mkono wangu. Nimekifunga kwenye fremu, bolti nne. Sasa waje hao vipofu wa maegesho. Bampa yako haiguswi na mtu."

"Baba, kitoe."

"Kitoke kiende wapi?"

"Popote. Umekipitisha pembeni ya visanduku vyangu. Mtu akikugonga kwa nyuma, pigo halifiki kwenye bampa tena. Linaingia kwenye fremu moja kwa moja, linapanda mpaka kwenye viti. Na Mama shingo yake unaijua."

Shingo ya Dona Lindalva ilichakaa kwenye cherehani, kwa kushona ovaroli za watu wa kiwandani, na kugeuka kwake kulikuwa kwa mwili mzima. Bado alishona. Vitambaa vya madhabahu vya parokia vyote vilikuwa kazi ya mkono wake.

"Yaani nalinda kazi ya mwanangu," alisema Seu Genival, "naambiwa naua mke wangu."

"Sijasema unaua."

"Umesema shingo."

"Shingo yangu iacheni mahali pake," Dona Lindalva aliita kutoka jikoni. "Chakula kinapoa."

Mezani Ivani alijaribu tena. Alichukua mkate mdogo, akauweka katikati ya viganja, akaubana. "Nani ameumia hapa? Mkate. Mikono mizima." Akachukua mkate mwingine, akauchoma kijiko kutoka ncha hii mpaka ile, akampa baba yake. "Haya, bana huo."

Seu Genival aliutazama, akachomoa kijiko, akakifuta. "Mkate ni wa kula, Ivani. Umesoma mpaka unachezea chakula."

Mama akacheka, na mwishowe Ivani naye akacheka. Angeweza kuchukua spana akakifungua mwenyewe. Hakufanya hivyo, na sababu yake haikuwa ya kitaalamu. Tangu utoto alikuwa akingoja sifa kwa mtu huyu, na sasa sifa zimekuja, zimefungwa kwa bolti nne. Akajiambia atalisema Jumapili ijayo. Jumapili ijayo walikuwa na wageni, na ile iliyofuata ilikuwa na mechi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu asiyesikia la mtoto hawakulisema, labda kwa sababu wahenga wenyewe walikuwa wakuu.

Simu ilimkuta mezani kwake, asubuhi ya mvua. Sauti ya baba yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Ivani, tumegongwa. Gari la kupeleka mikate, hapa kwenye taa, tumesimama zetu. Pua yake imetoboka, rejeta inavuja mpaka barabarani. Na sisi hata mkwaruzo. Bampa yako, mwanangu, hata mkwaruzo. Watu wamejaa hapa nawaonyesha."

"Mama yuko wapi?"

"Yumo ndani. Anasema mkono umekufa ganzi. Ni hofu tu."

"Asishuke. Asigeuze shingo. Ita gari la wagonjwa sasa hivi."

"Lakini nakwambia gari halina hata—"

"Baba," alisema Ivani, "ndiyo maana."

Upande wa pili ikasikika mvua.

Mfupa haukuvunjika. Daktari alisema mishipa ya shingo imevutwa vibaya, kwamba Dona Lindalva atavaa kola ngumu kwa muda mrefu, na kwamba mkono wa kulia unaweza kurudi wote, au nusu, au ubaki ulivyo. Alisema hivyo kwa upole wa mtu anayekwenda kusema kitu kile kile chumba cha pili. Ivani alidhani kule kuwa sahihi kutamfariji kidogo. Hakukumfariji hata kidogo. Alijikasirikia, tena sana, kwa zile Jumapili alizoziacha zipite.

Seu Genival aliingia na kofia mkononi, akasimama penye miguu ya kitanda. Mkewe hakuweza kugeuza kichwa, basi alizungumza na dari.

"Genival, ile bampa ya mwanangu haina kitu?"

"Haina kitu, Linda."

"Basi pigo nimelila mimi."

Alilisema bila hasira, kama anayemweleza mtu bei ya vitunguu. Seu Genival alitafuta kiti kwa mkono, hakukiona, akabaki amesimama. Mtu huyu ambaye virungu vya polisi havikumpindisha alianza kulia, na hakuficha uso.

Kirungu alikitoa mwenyewe, amelala chali kwenye sakafu ya uani, na hakukubali msaada wa mtu. Ivani alikuja Jumapili akakuta mashimo manne matupu, na kwenye kona ya bampa mchubuko mpya wa rangi ya bluu, wa gari la jirani. Baba hakuwepo. Alitazama nje ya lango akamwona upande wa pili wa barabara, mbele ya baa, watu wamemzunguka. Mkono mmoja alishika mkate, mwingine kijiko.

"Seu Genival, siku hizi umeokoka?" mmoja alimtania. "Unahubiri na mkate?"

"Bana huo," mzee alisema. "Bana, usiogope. Sasa bana huu wenye kijiko. Umeona? Kitu kizuri ni kile kinachokubali kuumia wewe usiumie. Binti yangu ndiye anayevichora. Kazi yake ni hiyo."

Wakacheka, na kirungu kikabaki kwenye kila gari la mtaa ule isipokuwa moja. Ivani alisimama langoni mpaka akayasikia yote. Miaka ishirini na zaidi alitaka kuyasikia maneno hayo. Kisha akaingia ndani.

Dona Lindalva alikuwa ameketi karibu na dirisha, kola shingoni, kitambaa cha madhabahu magotini. Sindano aliishika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulilala juu ya kitambaa.

"Leo mkate wa ngapi?" aliuliza.

"Wa pili, nadhani."

"Mwambie asiimalize mikate, na sisi tuna njaa." Akanyoosha sindano mbele yake, kwa kuwa hakuweza kuitazama chini. "Hebu nitungie uzi, mwanangu."

Ivani akauchukua uzi, akaulowesha ncha kwa ulimi, akamtungia.