Mtoto Mmoja, Mama Watatu

Asubuhi moja nilimpima mtoto yuleyule mara tatu. Kila mara aliletwa na mama tofauti.

Msinicheke. Ngojeni kwanza.

Mimi ni muuguzi. Wakati huo nilikuwa kliniki ya kambi ya wakimbizi, upande wa akina mama na watoto wadogo. Kila Jumanne nilikuwa kwenye mizani. Mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa, namzungushia utepe mkononi kuona kama amekonda, naandika kwenye kadi. Anayefuata!

Wa kwanza alikuja na kofia ya bluu. Mashavu hayo, utadhani anapuliza puto. Kilo tisa na robo. Nikamsifia mama yake hadi foleni nzima ikasikia.

Wa nane, kofia nyekundu. Kilo tisa na robo.

Nikasema sawa, hutokea.

Wa kumi na tano hakuwa na kofia, kafungwa kitambaa cha maua. Kilo tisa na robo. Doa jeusi chini ya sikio la kushoto, kama wale wawili. Akanitabasamia kama mtu tuliyezoeana. Halafu akanikojolea.

Mara ya tatu asubuhi ile. Mkojo wa mtu mmoja, jamani!

"Mama, huyu ana miezi mingapi?"

"Saba, sista."

"Kadi inasema kumi na minne."

Akaichungulia kadi. "Ndiyo... saba mara mbili."

Nikaandika, nikamwachia aende. Lakini kichwa kilikuwa kinachemka. Pale kliniki chakula cha ziada tulimpa mtoto aliyekonda. Mnene alitoka mikono mitupu. Sasa nani anaazima mtoto mnene? Mwizi gani huyo anaiba hasara?

Nikavua koti, nikamwomba mwenzangu ashike mizani. Nikamfuata yule mama wa kitambaa cha maua kwa mbali, najibanza nyuma ya matangi ya maji kama mpelelezi. Mpelelezi mwenye kilo themanini na viatu vinavyolia.

Akaingia kwenye hema. Nami nikaingia bila hodi.

Walikuwa wote humo. Mama wa kofia ya bluu, mama wa kofia nyekundu, na mama mmoja mnene mcheshi aliyempokea yule mtoto akambusu. Huyo ndiye mama yake hasa. Walimwita Mama Bonge.

Kwenye mkeka kulikuwa na watoto watatu wengine. Mama Bonge alikuwa akiwalisha uji kwa zamu, kijiko kimoja.

Wawili, mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni.

"Kumbe watoto wenu ndio hawa! Mbona mnanifanyia mchezo?"

Mama Bonge akaweka kijiko chini.

"Sista, tukwambie ukweli au tukwambie vizuri?"

"Ukweli."

"Tunakuogopa, na kutokuja hatuwezi, kadi lazima ijazwe. Hata jina tumekupa. Pilipili."

Aisee. Hilo jina nilikuwa nalisikia kwenye foleni. Nilidhani wanasifia urembo wangu.

Mama wa kitambaa cha maua akasema taratibu, bila kuniangalia: "Nilitembea siku tisa na huyu wangu mgongoni. Maziwa yalinikaukia njiani. Nikafika kwako, ukamwinua mbele za watu ukaniuliza, 'Mama, huyu ni mtoto au kijiti?' Foleni ikacheka."

Nilikumbuka. Nami nilicheka siku ile. Nilijiona mchangamfu.

Nikapiga magoti kwenye mkeka, angalau mikono ifanye kazi.

Yule wa tatu, msichana, alikuwa amelala tu. Mama wa kofia ya bluu akajikaza kunifurahisha: "Huyu wangu angalau ameanza kunenepa, sista. Tazama miguu."

Nikabonyeza mguu kwa kidole gumba. Nikatoa kidole. Shimo likabaki.

Ule haukuwa unene. Ulikuwa uvimbe wa njaa, na unaua.

"Mbebe twende. Sasa hivi. Sikugombezi, mama yangu, twende tu."

Nikamaliza kusema, yeye bado anatafuta kanga. Nikambeba mwenyewe, na viatu vyangu vinavyolia, hadi wodini.

Siku ya nne uvimbe ulishuka, mtoto akabaki mifupa. Mama yake akaangua kilio, akidhani tumemharibu. Nikakaa naye nikamweleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tisa yule binti akamnyang'anya muuguzi kijiko na kukataa kukirudisha. Wodi nzima tukapiga makofi.

Baada ya hapo tukatundika pazia, kila mtoto akapimwa faraghani. Mama Bonge nikamwomba akae mlangoni, azungumze na wenzake kuhusu kunyonyesha na kulisha. Wakamsikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi na cheti changu. Nilipotaka kuchangia, alinitazama tu. Nikanyamaza.

Mwisho wa mwezi mkuu wa kliniki akaniita, karatasi mkononi, uso umekunjamana.

"Mwezi uliopita upande wako ulikuwa na watoto watatu waliokonda. Mwezi huu ishirini na sita! Unafanya nini huko?"

Zamani ningetetemeka.

"Hawajaongezeka, mkuu," nikamjibu. "Walikuwepo siku zote. Wameacha kujificha."

Akaiweka ile karatasi mezani. Kisha akavuta fomu ya kuagiza chakula cha lishe, akaandika ishirini na sita.

Ndugu zangu mnaohudumia watu, niliyojifunza ni haya. Mama anayekuletea mtoto mwembamba amejilaumu njia nzima, hahitaji msaada wako katika hilo.

Mpe kiti kwanza.