Basta ya Mama Doriane

Émérance aliishi Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, miaka mingi akiuza ndagala, yaani dagaa, na vitenge, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa mdomo. Kwa hiyo binti yake Doriane alipomchukua wakaishi wote Bari, mji wa Italia ulio kando ya bahari, kilichomtesa hakikuwa baridi wala chakula. Kilikuwa ukimya. Doriane alitoka alfajiri kwenda kuhudumia wazee, na mama akabaki ghorofani na maneno yake yote, asiwe na wa kumpa.

Wa kwanza kumsemesha alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja mwembamba aitwaye Ninetta. Siku hiyo Émérance alikuwa ameanika vitenge kwenye roshani. Alivinunua kwa Rashidah wa Nyamityobora, kule Mbarara, ambaye aliapa kwa Mungu kwamba havichuji rangi. Vikachuja. Ninetta akatoa kichwa dirishani, akarusha mikono juu, akapaza sauti: "Basta! Basta! Mi bagni tutto!"

Émérance alifurahi kama aliyepata barua kutoka nyumbani. Akampigia simu Nestor, katekista wa Nakivale, aliyekuwa akijitapa kote kambini kwamba aliwahi kufanya kazi na mapadre wa Kitaliano.

"Rudilia, Mama Doriane," Nestor alisema.

"Basta, mi banyi tuto."

Nestor akakohoa. "Tuto, hiyo ni kama Kifaransa. Ni vyote. Na basta ni... ni nzuri sana. Anasema nguo zako zote ni nzuri sana."

"Kweli, katekista?"

"Kabisa! Hii luga niko nayo mu damu."

Kesho yake Émérance alianika kila kitenge alichokuja nacho. Ninetta alipopiga kelele zaidi, Émérance aliweka mkono kifuani, akainama kwa heshima, akamrudishia sifa: "Basta! Basta!" Dirisha likafungwa kwa kishindo. Ana haya huyu, Émérance akawaza.

Akaanza kulitumia neno lake kila alikokwenda. Sokoni alisifia nyanya, muuzaji akaacha kujaza mfuko. Akasifia tena kwa bidii, muuzaji akaanza kuzipunguza. Alirudi nyumbani na nyanya mbili, akiwahurumia Wataliano kwa uchoyo wao.

Jumapili akaenda kanisani peke yake. Padre mzee alihubiri, akahubiri, watoto wakalala, na wazazi wao pia. Émérance hakuelewa lolote, ila alipenda jinsi sauti ile ilivyopanda na kushuka. Nakivale mahubiri matamu hupigiwa vigelegele. Basi padre aliposita kuvuta pumzi, Émérance akasimama.

"Basta, padre! Basta!" Akaachia kigelegele kirefu.

Kanisa zima likageuka. Padre alimtazama, akatazama saa yake, akafunga karatasi zake na kuanza Nasadiki. Kwenye viti vya nyuma Ninetta alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

Jioni Ninetta alibisha hodi na sahani ya biskuti za lozi. Safari hii Doriane alikuwepo kutafsiri.

"Anasema amengoja miaka mtu amwambie padre maneno yale. Anauliza ujasiri uliupata wapi."

"Maneno gani? Mimi nimemsifu!"

"Mama, basta maana yake imetosha. Umemwambia padre anyamaze."

Émérance alikaa chini taratibu. "Sasa huyu, kule dirishani, alikuwa ananiambia nini?"

Doriane alipouliza, Ninetta alijibu kwamba vitenge vilikuwa vikimlowesha kila kitu, akateremka kwake, akarudi na shuka lililokuwa jeupe, sasa la rangi ya waridi toka pindo hadi pindo. Émérance alilitazama, akaona aibu, kisha kicheko kikamshinda nguvu. Wakacheka watatu mpaka Doriane akashika mbavu.

"Nitampigia huyo Nestor nimweleze," Doriane alisema.

"Muache," mama akajibu, na jicho lake likawa si la mtu mwema.

Baada ya wiki chache masista wa Kitaliano waliofikia Mbarara walikuja Nakivale kuwasalimu waumini. Nestor alikuwa ameshampigia Émérance simu kuuliza, eti kuhakikisha tu, neno lipi la kuwasifia wakiimba.

"Ni lile lile, katekista. Ila ulitamke kwa nguvu, wasikie wote."

Akalitamka kwa nguvu. Masista wakakata wimbo katikati ya ubeti, wakaketi, nyuso nyekundu.

Jioni alipompigia Émérance sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Doriane, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungesema hujui."

Nestor alivuta pumzi ndefu. Halafu naye akacheka, polepole kwanza, akakiri kwamba kwa mapadre wale alikuwa akikata majani tu, na hakuna aliyemsemesha.

Siku hizi jua likipungua, Émérance na Ninetta huweka viti nje ya mlango wa jengo wakamenya maharage mabichi, kila mmoja akisema kwa lugha yake, wakinyooshea vidole kitu hiki na kile. Doriane hurudi kutoka kazini akiwa na njaa, akapanda, akakuta jiko baridi na sufuria tupu, akashuka tena.

"Mama, hujapika?"

"Ningepika saa ngapi?" Émérance humwambia, akimsogezea bakuli la maharage. "Huoni tuko na maongezi? Hebu kaa, tusaidie."