Dude la Kurasa Mia Sita

Sijapata kuona kitabu kibaya kuliko kile, na vibovu nimesoma vingi, vingine nimeviandika mwenyewe. Kilikuwa na kurasa mia sita na kumi na moja za karatasi ya gazeti, gundi iliyoachia kabla hujamaliza sura ya tatu, na jalada lenye roketi nyekundu iliyochorwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kukaribia hata pikipiki. Bariadi nzima tulikiita Dude.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni kwenye duka la ushirika sasa vilimwagwa chini pale stendi: viatu vya mitumba, redio, mafuta ya kujichubua, na vitabu. Vitabu vilichapwa Dar, vikashushwa Lamadi na mabasi ya Musoma, na kutoka Lamadi vikaletwa kwetu juu ya magunia ya dagaa. Nakala ya kwanza ya Dude niliyoishika ilinuka dagaa kuanzia jalada la mbele mpaka la nyuma. Nikasema hiyo harufu ndiyo kitu pekee cha kweli ndani yake. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo nikawa natafutwa niseme jambo kuhusu Dude.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kijana, kalamu tatu zimejipanga kwenye mfuko wa shati. Ninapomkumbuka kijana yule natamani kumzaba kofi.

Hadithi yenyewe, kama inastahili kuitwa hivyo, ilikuwa hivi. Mvua ya duniani imekwisha, na rubani mmoja anatumwa kwenda kuitafuta kwenye sayari za mbali. Nyumbani anaacha mke mjamzito na ng'ombe wanne. Katikati ya anga roketi inaishiwa mafuta na kusimama kama lori, rubani anateremka kusukuma. Kila sayari anayotua ina watu wa macho matatu, na wote wanazungumza Kiswahili cha Unguja na kumwamkia shikamoo. Adui yake anauawa sura ya tisa, anauawa tena sura ya kumi na nne, na sura ya ishirini anaingia mlangoni akiwa na kikohozi tu. Yule mke, baada ya sura ya pili, hatajwi tena. Hapo nilipoachia mimi, ukurasa wa mia mbili na kitu, mimba yake ilikuwa imeshatimiza miaka kumi na moja.

Ndiyo, niliachia hapo. Sikumwambia mtu.

Wasomaji waligawanyika pande mbili. Upande wa Dude uliongozwa na karani wa kupima pamba, mtu mwenye sauti nzito na akili nyepesi, aliyeamini kwamba kitabu kikizidi uzito wa ratili moja lazima kiwe na hekima. Alijisifu kwamba amekisoma mara tatu, na alitembea nacho kwapani kama mchungaji na Biblia. Upande wetu, wa kukiponda, ulikuwa wangu na bwana mifugo, ambaye alipiga mistari kwa kalamu nyekundu kila penye kosa la sayansi mpaka wino ukamwishia. Bwana mifugo alikuwa na dharau kavu, ya mtu anayeshinda ameingiza mkono ndani ya ng'ombe wa watu. Tulikaa hotelini saa nzima kwa chai ya kikombe kimoja, tukikichana kitabu, tukijiona wasomi. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kitu kingine cha kusoma, na hilo hatukulisema.

Sasa, mama yangu.

Mama aliishi kwetu Zagayu, akilima pamba. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, kwa vile vijitabu vya kilimo cha pamba na ufugaji wa ng'ombe. Alikuwa hodari darasani. Baadaye madarasa yakafa, mwalimu wao akaenda kununua dhahabu, vijitabu vikaliwa na mchwa, na mama akabaki anasoma mifuko ya mbolea na pakiti za chumvi ili herufi zisimtoroke. Mimi mwanawe mwalimu, mwenye kalamu tatu, sikuwahi kumpelekea kitabu hata kimoja. Dude lenyewe alipewa na yule karani, ileile nakala yake ya kwapani.

Jumamosi moja niliingia uani nikakuta wanawake wanachambua pamba. Kwetu pamba huchambuliwa kabla ya kuuzwa: safi huku, fifi kule, fifi ni ile ya njano iliyoliwa na wadudu. Wakati huo kuchambua hakukuwa na maana tena, kwa sababu wanunuzi binafsi waliokuja na malori yao walishindilia zote gunia moja bila kuuliza. Mama na wenzake watano waliendelea kuchambua hivyohivyo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ila siku hiyo mama hakuwa anachambua. Alikaa kwenye kigoda, Dude limefunguliwa mapajani, kidole kikitembea chini ya mstari. Alisoma kwa Kiswahili polepole, kisha akageuza kwa Kisukuma, na hapo sauti ilikuwa inakimbia. Wenzake walikuwa wamegawana fungu lake la pamba na kumchambulia ili yeye asome.

Nilisimama pale bila hodi. Walikuwa wanabishana kuhusu yule mke.

"Nani anamkamulia ng'ombe?" aliuliza mmoja.

"Atakuwa ameshajifungua," alisema mwingine. "Mtoto ndiye anachunga."

"Tulieni," alisema mama. "Mtu akiandika kirefu hivi, anajua anakokwenda. Atarudi kwake."

Niliona aibu, na sitaipamba: nilimwonea aibu mama yangu. Niliona bwana mifugo akisikia atacheka wiki nzima. Nikamwambia, "Mayu, hicho kitabu ni fifi." Akaniangalia, akasema fifi nayo ni pamba, ndiyo iliyojaza mto ninaolalia, akageuza ukurasa.

Ubishi wa mjini ulipozidi, karani akatoa wazo. Tuumalize kama wacheza ngoma. Kwetu baada ya pamba kuuzwa, vikundi viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huenda kunakonoga. Hakuna mwamuzi. Ukiachwa peke yako umeshindwa, basi. Karani alitaka upande wake usome Dude kwa sauti, nasi tuseme ya kwetu, watu wachague. Na kwa kuwa alikuwa akinunua pamba Zagayu, akachagua uwanja wa mnada wa Zagayu. Alisema msomaji anaye.

Nilijua ni nani. Mpaka leo nikisema sikujua nitakuwa naongopa.

Mchana wa shindano mama alikuja na wenzake watano, amevaa gauni la kanisani, Dude limefungwa ndani ya kitenge. Nikamsalimia, "Mwadila, Mayu." Akaitika kama unavyomwitikia jirani. Bwana mifugo akaninong'oneza, "Mwalimu, unamwogopa mama yako?" Swali la kipuuzi, na jibu lake ni kwamba mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nikapanda juu ya kreti la soda.

Wacheza ngoma hutafuta dawa ya kuvuta watu. Mimi sikuhitaji. Nilimwigiza rubani akisukuma roketi huku akitukana. Nilimwigiza adui akifa, nikafa mara tatu, mara ya mwisho nikakohoa. Mwanzoni watu walikuwa wengi upande wa mama, maana alisoma vizuri, lazima niseme. Lakini kicheko ni kitu cha haraka. Mmoja alivuka, wakavuka kumi, halafu uwanja wote ukainuka ukaja kwangu na vumbi lake. Nikaona niwamalize.

"Na yule mke!" nikapaza sauti. "Mwandishi kamsahau! Mimba ina miaka kumi na moja! Rubani hatarudi, wala mke hatajwi tena mpaka kitabu kinakwisha!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kule upande wa pili walibaki wanawake sita na karani, ambaye alikuwa anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mama akasimama. Uwanja ukatulia kidogo, kwa sababu ni mama wa mtu.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniuliza, "umefika mwisho?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa kubwa kama uwanja wenyewe.

"Nimefika," nikasema.

Aliniamini. Mimi ndiye niliyesomeshwa kwa pamba yake, kwa nini asiniamini? Akachomoa uzi wa pamba kwenye kitenge, akauweka kwenye ukurasa aliokuwa anasoma, akafunga kitabu. Wakaondoka wote sita kwa mguu, mmoja nyuma ya mwingine, na sisi tukaenda kunywa soda ya ushindi. Bwana mifugo alisema sijawahi kuwa mzuri vile. Nilikubaliana naye.

Mama hakusoma tena. Hakununa, hakunisema, alinipikia kama kawaida. Msimu uliofuata nilimkuta anashindilia safi na fifi gunia moja kama watu wote. Nikamuuliza mbona hachambui. Akasema wenzake hawaji tena, kila mtu ana kwake, na wenye malori hawaulizi.

Miaka mingi ilipita. Karani alihama na pamba yake, bwana mifugo akafungua duka la dawa za mifugo na akaacha kusoma kabisa, mimi nikaanza kuandika vitabu na kupondwa na vijana wenye kalamu mifukoni. Siku moja nikiwa Zagayu nilipanda kwenye dari ya stoo, nikakuta Dude ndani ya kitenge kilekile. Uzi wa pamba ulikuwa ukurasa wa mia nne. Nikakaa chini ya bati lenye joto, nikasoma kuanzia pale.

Ni kibaya. Nataka hilo lieleweke. Kinazidi kuwa kibaya kila ukurasa, na adui anakufa mara mbili zaidi. Lakini katika kurasa mbili za mwisho, ambazo zilikuwa bado zimeshikana kwa juu, hazijawahi kukatwa na mtu yeyote, hata yule karani wa mara tatu, rubani anarudi. Mke yuko uani anapepeta mtama. Binti mkubwa anakamua ng'ombe. Mke hainui hata kichwa, anamuuliza tu, "Umekula?" Basi, kitabu kinaishia hapo.

Nilimpelekea mama uani. Alikuwa mzee, macho yamefifia, yuko kwenye kigoda kilekile. Nikamwambia, Mayu, yule rubani alirudi. Sikuwa nimefika mwisho siku ile, nilisema uongo. Nikampa kitabu asome mwenyewe. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akakaa nacho hapo muda mrefu, kidole hakikusogea. Akanirudishia.

"Herufi zimeshanitoroka," akasema. "Nisomee wewe. Ila usicheke."

Nikasoma kwa Kiswahili, nikageuza kwa Kisukuma, vibaya, nikikwama kwenye maneno ambayo yeye zamani aliyapita akikimbia. Nilipofika kwenye "Umekula?" aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua.

"Nilisema," akasema. Kisha akaangalia pale uani, mahali walipokuwa wakikaa kuchambua.

"Ungewaambia na wenzangu," akasema, "lakini nimebaki peke yangu."