Chatu wa Ng'ambo Hakutaga

Mwaka wa pili baada ya mama kufariki nilikuwa nafanya kazi Usa River kwa Mzungu mmoja aliyefuga chatu na kuwauza Ulaya. Nyumbani Olmotonyi nilikuwa nimesema nafuga sungura. Haukuwa uongo mtupu. Sungura walikuwepo, mabanda sita nyuma ya jiko, na mimi ndiye niliyewalisha. Sikusema tu wao waliliwa na nani.

Nilianzia kwa sungura kweli. Kisha mzee aliyetunza chatu akasokotwa mkono mpaka ukafa ganzi, akaacha kazi siku hiyohiyo. Bwana akauliza wafanyakazi wote nani atashika kazi ile, kila mtu akatazama miguu yake. Mimi nikasema nitajaribu. Sikuwa shujaa. Mtunza chatu alikuwa na chumba chake, cha matofali, na nikipata chumba ningeweza kuwachukua wadogo zangu kwa baba mdogo, ndugu yake baba, walikokuwa wakilala jikoni. Baba yetu alikuwa amekufa kabla ya mama. Tulikuwa wanne: mimi niliyeachia shule darasa la nne, mdogo wangu wa kike wa miaka tisa, na wavulana wawili, wa miaka saba na wa minne. Niliwaleta mmoja mmoja, kama mtu anayeiba.

Vizimba vilikuwa nje, karibu na migomba. Ukuta wa matofali ulifika kiunoni, juu yake waya, na nusu ya paa iliachwa wazi ili nyoka waote jua. Alivijenga fundi Kalasinga kutoka mjini. Nilimuuliza kama ule waya utatosha. Akapitisha vidole vyake viwili kwenye tundu, akacheka.

"Nyoka yenu ni nene kama paja. Apite wapi? Wewe ogopa mlango tu. Siku nikija nikakuta chatu amenona na wewe haupo, sitauliza uko wapi."

Chatu wa kwetu niliwazoea. Niliona jike akitaga, mayai meupe makubwa kuliko ya bata, akajizungusha juu yake na hakutoka mpaka yalipopasuka. Lakini Bwana alikuwa na jozi moja kutoka Amerika, waliofika ndani ya sanduku lenye matundu. Aliwaita boa, sisi tuliwaita chatu wa ng'ambo. Mikia yao ilikuwa na wekundu wa udongo wa Meru. Hao ndio aliowapenda. Alisema wazi kwamba wakizaana ataendelea na kazi hii, na wasipozaana atauza kila kitu aende zake. Kwa hiyo chumba chetu kilikuwa tumboni mwa yule jike.

Jike aliacha kula tangu mvua za masika. Kila sungura niliyemtia alikaa naye saa nzima akitafuna majani, nikamtoa. Baridi ilipoingia, mawingu yakaufunika mlima wiki nzima, nikawa napasha mawe motoni, nayafunga kwenye gunia na kumwekea. Alijigeuza, tumbo nusu juu, akahama kutoka pembe hii hadi ile. Nami nikahama naye, mimi nje ya waya, yeye ndani. Sikuweza kukaa. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilimwekea mchanga na majani makavu kwa ajili ya mayai, na kila asubuhi niliyafukua kwa kijiti. Hapakuwa na yai. Bwana alikuwa amekwenda Nairobi, na kabla ya kuondoka aliniambia neno moja tu kuhusu jike: "Usimsumbue." La zaidi hakusema. Labda alidhani najua, au alidhani si lazima nijue.

Katika wiki hiyohiyo baba mdogo akatuma salamu kwamba anakuja Jumamosi. Ukoo ulikuwa umekaa. Mdogo wangu wa kike aende kwa shangazi Kikwe, yule wa saba aende kwake akachunge, na wa mwisho apelekwe kwa bibi. "Lakini nitakuja kwanza nione mnavyoishi," aliyeleta salamu aliyarudia maneno yake. "Nikiona panafaa, nitanyamaza."

Nilisugua sakafu mara mbili. Niliazima kiti kwa mpishi. Nilichemsha maziwa ya chai, nikawavalisha watoto, nikawaambia wakae kitandani wasiguse kitu. Kisha nikakimbia vizimbani kubadilisha maji, ili baba mdogo akifika nisiwe na sababu ya kwenda huko tena.

Jike alikuwa juani. Nyuma yake, kwenye majani, palikuwa na madonge ya njano kama kiini cha yai kilichomwagika. Nikasema ameyavunja, yamekwisha. Nikainama. Donge moja likajinyoosha, ngozi laini ikapasuka, kikatoka kichwa chenye macho, kikanitolea ulimi.

Hakuwa ametaga. Alikuwa amezaa, kama mbuzi.

Walikuwa wengi, wamelowa, wembamba kama kidole changu. Na waya wa Kalasinga ulikuwa na matundu ya vidole viwili. Mmoja alikuwa ameshatoka nusu. Mwingine alikuwa juu ya ukuta. Mwingine, nilipogeuka, alikuwa anaingia kwenye majani ya migomba bila haraka yoyote.

Nilikuwa nimewakataza wadogo zangu kwa fimbo wasifike vizimbani. Sasa nikawaita kwa majina, kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani. Wakaja na nguo zao safi.

"Leteni sufuria! Leteni debe, foronya, chochote! Wakamateni shingoni, msiwabane."

"Dada, ulisema tukija utatuchapa," alisema yule wa saba.

"Nitakuchapa usipokamata!"

Basi tukakamata. Yule wa minne alishika mlango wa debe, yaani alikalia ubao juu yake, na kila tulipokuja akainuka kidogo, akakaa tena. Mdogo wangu wa kike alikuwa hodari kutushinda sote. Aliingia migombani kwa magoti, akatoka na watatu kwenye foronya na mmoja mkononi. Hapo ndipo niliposikia mtu akikohoa.

Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye njia, koti lake la kwendea mjini mwilini, fimbo mkononi. Sikujua alikuwa hapo tangu lini.

"Shikamoo, baba," nilisema. Nilikuwa na nyoka wawili.

Hakuitikia. Watoto walipomwona wakafanya walivyofundishwa: wakamwendea, wakainamisha vichwa ili awaguse. Baba mdogo akarudisha mkono wake nyuma ya mgongo. Vichwa vitatu vikabaki vimeinama.

"Hao ndio sungura?" aliuliza.

"Sungura wapo, baba. Wako kule nyuma."

"Na wewe," akamwambia mdogo wangu wa kike, "huogopi?"

"Huyu mdogo tu, baba. Hajajua kuuma." Yule nyoka akamuuma kwenye kidole. Akamtazama, akasema, "Sasa amejua."

Ningeweza kucheka siku nyingine.

"Kwetu nyoka akiingia nyumbani anamwagiwa maziwa aende kwa amani," alisema baba mdogo. "Watu hawajui ni marehemu yupi aliyekuja. Ninyi mnawafungia kwenye madebe kama mafuta ya taa! Mama yenu angesema nini?"

"Baba, karibu ndani. Kuna chai. Uone chumba..."

"Nimeona." Aliniangalia mikono. "Nikimpeleka mtoto huyu kwa shangazi yako, mkono umeshika hii kitu, nitasema nini? Mke wangu atamlaza wapi huyu mwingine? Kaeni nao. Kaeni hapahapa."

Akageuka. Hakuona sakafu, wala kiti cha mpishi. Nilibaki nimesimama, nyoka wakijisokota kwenye vifundo vya mikono yangu, na nilichokuwa nikikitaka kwa miezi mingi nilikuwa nimekipata chote. Wangebaki. Wote watatu. Nikawaambia, "Mmesikia? Hamwendi popote."

Wavulana walishangilia. Mdogo wangu wa kike aliweka foronya chini, akanyonya kidole kilichoumwa.

"Shangazi alisema Kikwe kuna shule," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe, kwenye mazishi. Alisema angenipeleka." Hakulia. Akachukua foronya yake tena, akarudi migombani.

Miaka miwili nilikuwa nimepigania wasitawanywe, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao alikuwa anataka nini. Niliwatia nyoka wangu kwenye debe. Nilimfuata migombani, nikamshika mkono, nikamwosha mikono kwa majivu na sabuni, mpaka kwenye kiwiko, mara mbili, yeye akiuliza kuna nini na mimi sijibu. Nikafunga gauni lake la pili kwenye kanga ya mama. Tukakimbia kwenda barabara ya Moshi.

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye jiwe akingoja basi la kurudi mjini. Alipotuona akasimama.

"Mchukue," nilisema. "Amenawa mikono. Kikwe si mbali. Mchukue leo."

"Dakika hii ulikuwa hutaki kumwachia mtu."

"Nilikuwa sitaki."

"Na wale wengine wawili?"

"Wale nitakaa nao. Huyu anataka shule."

Alimtazama mtoto muda mrefu, hasa kile kidole. "Mmoja tu," akasema mwishowe. "Tutavuka, tungoje basi la upande ule. Na asitamke neno nyoka nyumbani kwa dada yangu. Akiulizwa kidole?"

"Mwiba," mdogo wangu alijibu kabla yangu.

Basi lilikawia. Tulisimama watu watatu, nami nilikuwa nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, nikifikiri juu ya debe na yule wa minne aliyelikalia, akiwa na kaka yake tu. Lilipokuja mdogo wangu alipanda bila kunitazama, kisha akageuka mlangoni akasema, "Dada, chini ya mgomba ule ulioanguka kuna wawili. Sikuwatoa."

Nilirudi nikikimbia. Yule wa saba aliuliza dada yake yuko wapi, nikamwambia, akaniuliza kama sasa yeye naye nitampeleka kuchunga. Nikasema la. Nikasema tena la, kwa ukali, ingawa hakuwa amebisha. Chini ya mgomba ulioanguka walikuwepo wawili kweli. Tuliendelea kuinua majani hata baada ya kujua hapakuwa na kitu, na kila wavulana walipotaka kupumzika niliwaambia bado.