Mwalimu wa Sorry

Hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nikijisemea, na nikiwaambia hata wasioniuliza. Mapinduzi yalinikuta Unguja nikiwa kijana, nikapanda meli bila ya kujua inakwenda wapi, na London nimeingia na koti la kuazima. Leo nina maduka mawili ya nyama Peckham, na yote nimeyasimamisha kwa mikono hii. Mtu wa namna hiyo utamshangaza kwa lipi?

Skuli nilikwenda mpaka darasa la nne. Kiingereza nilikiokota bandarini kwa mabaharia, na nilikiokota chote, pamoja na kile ambacho wenyewe walikuwa wamekitupa. Lakini nilikisema kwa sauti kubwa na bila ya kusita, na hilo ndilo lililoniponza. Siku hizo nilikuwa naosha masahani katika mkahawa wa Wachina, Soho. Mwenye mkahawa, mzee kutoka Hong Kong, alinisikia nikigombana na mleta mboga mpaka yule mtu akapunguza bei.

"Kiingereza unacho," akaniambia. "Wafundishe watu wangu."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Darasa lilikuwa saa tisa alasiri, wateja wa mchana wakishaondoka. Wanafunzi sita, wapishi na wake zao, kwenye meza kubwa ya duara. Waliniita sinsang, ndiyo mwalimu kwa lugha yao. Nikiingia wanasimama. Kikombe cha kwanza cha chai changu, na nakabidhiwa kwa mikono miwili. Mimi huyo huyo, ambaye dakika tano nyuma nilikuwa kwenye povu mpaka viwikoni! Nikaanza kuvaa tai. Wakati wa kuosha masahani naificha ndani ya aproni.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, ambaye ni nesi na Kiingereza chake ni cha skuli kweli, "Kuanzia leo uniite Mwalimu."

"Nitakuita ukinipa wakati uliopita wa 'go'."

"Nimekwambia mwalimu, sikukwambia mwanafunzi."

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mke wa mpishi mkuu, mama mtu mzima kuliko mimi. Kazi yake ilikuwa kumenya kamba wa baharini jiko la chini, mikono ndani ya maji ya barafu kutwa, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kama ukuta wa zamani. Mwenye mkahawa alimpa mwezi mmoja wa majaribio juu, kuhudumia wateja mezani. Sharti, huko juu ni Kiingereza tupu, hata baina yao. Akiweza, anabaki. Akishindwa, anarudi kwenye kamba.

Basi nikamnoa. Somo nililojivunia zaidi lilikuwa la adabu. "Mtu akijikwaa, akimwaga kitu, akiungua mdomo, mwambie sorry."

"Hata kama si mimi niliyemwaga?"

"Hasa kama si wewe!"

Akaandika. Kichwani mwangu sorry ni pole, basi. Na ushahidi nilikuwa nao: kwenye basi unamkanyaga Mwingereza, na yeye aliyekanyagwa ndiye anayekwambia sorry. Nikasema, watu hawa wana huruma, mguu unamuuma yeye na pole anakupa wewe.

Wiki ya tatu akaja bwana mmoja na koti la rangi ya ngamia, akakaa nalo mezani bila ya kulivua. Akamwona rafiki yake anapita nje, akampungia mkono, na ule mkono wa koti ukalizoa bakuli zima la supu ya pilipili. Likammwagikia kifuani. Wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe.

Mama akaja mbio na kitambaa. "Sorry, sir. I am very sorry."

Kicheko kikakatika. Yule bwana akamtazama mama, akatazama koti. "Kwa hiyo ni wewe?"

"Very, very sorry," mama akasema, mkono kifuani, kama nilivyomfundisha.

"Mmemsikia!" bwana akawageukia wa meza ya pili. "Amekiri mwenyewe!"

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, mikono inachuruzika maji. Mwenye mkahawa akamvuta mama pembeni. "Umemmwagia?"

"Hapana."

"Sasa sorry ya nini? Nani kakufundisha?"

Mama akainamisha kichwa. "Nimesahau."

Yeye, ambaye hajapata kusahau neno! Wala hakunitazama. Kwao mwanafunzi hamwaibishi mwalimu wake mbele za watu. Bora arudi kwenye barafu.

"Basi kesho, chini," mwenye mkahawa akasema.

Ningependa kuandika kwamba nilijitokeza pale pale. Nilirudi kwenye sinki, nikaosha sahani moja mara tatu. Niliwaza kile kikombe cha mikono miwili. Nilipogeuka, mama alikuwa anaikunja aproni nyeupe ya juu, polepole, kwa vile vidole vyake.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?" akauliza mwenye mkahawa.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwetu mtu akipatwa na jambo unampa pole. Nilidhani sorry ndiyo hiyo."

Akanikagua, mpaka ile tai. "Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka nne."

"Mwaka wa nne wa chuo?"

"Darasa la nne."

Akakaa juu ya gunia la mchele. Akasema, "Yeye abaki juu. Koti utalipa wewe."

Kesho yake saa tisa nilikuja bila ya tai, kuwaaga wanafunzi. Wote sita wakasimama. Mama akanimiminia chai, akanikabidhi kwa mikono miwili, akakaa na kalamu yake tayari. "Mwalimu, sasa hiyo pole yenu, Kiingereza chake ni nini?"

Neno hilo mpaka leo silijui. Lakini kushangaa, siku ile nilishangaa.

Koti halikutakata kwa dobi, ikabidi linunuliwe jipya. Nilipomhadithia mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Kiasi gani?"

Pauni thelathini na moja na peni ishirini.