Harufu ya Supu ya Fransiska

Supu ya kongoro ya Fransiska, ile ya miguu ya ng'ombe, ilikuwa na jina Katesh nzima. Madereva wa malori ya Singida walisimama kwa ajili yake, na siku ya mnada benchi zake zilijaa kabla ng'ombe hawajafika. Watu walisema ina harufu ya moshi ambayo supu za wengine hazina. Mwenyewe alidhani ni mkono wake tu, mkono aliourithi kwa mama yake kule Tlawi. Na tangu binti yake Hilda ajifungue, kila jioni alimbebea chupa nzima ya supu, maana mzazi asipokunywa supu maziwa hayashuki.

Kongoro aliletewa na Yonas, kijana wa machinjioni, zikiwa zimeshababuliwa manyoya na kukwanguliwa. Kila alfajiri ndoo ilikuwa mlangoni. Asubuhi moja ndoo haikuonekana. Maji yalichemka mpaka yakapungua, naye akajitupia kanga ya pili mabegani, akashuka mwenyewe kwenye korongo lililo nyuma ya machinjio.

Alikuta moshi mweusi, mzito. Juu ya mawe matatu palikuwa na wavu wa chuma, na juu ya wavu kongoro zake. Chini yake liliungua tairi la lori, likidondosha matone meusi yanayowaka. Matairi mengine yalikuwa yamepangwa pembeni, yakingoja zamu.

"Shikamoo, mama," Yonas alisema, akijifuta macho.

Fransiska hakuitikia. Hakuwahi maishani mwake kuiacha shikamoo ya mtu ianguke chini mpaka asubuhi hiyo. Alichokiona mbele yake ni ile chupa ya Hilda.

Yonas alidhani amekasirishwa na kuchelewa, akaeleza kwamba matairi yalilowa mvua. Kukata kuni mlimani ni marufuku, akasema, lakini tairi anapewa bure na Abdulswamad, fundi pancha, tena anashukuriwa kwa kumpunguzia takataka. Hakuficha lolote. Aliyasema kama mtu anayeeleza jinsi ya kusonga ugali.

Siku hiyo Fransiska hakupika. Kesho yake alichukua kongoro mbichi machinjioni, akazibabua mwenyewe kwa mabua ya mbaazi. Wateja wakaonja, wakatazamana. Baltazar, dalali wa ng'ombe ambaye hakukosa bakuli lake hata Kwaresima, akauliza kama mama anaumwa, mbona supu haina harufu. Fransiska akaweka upawa chini akawaeleza yote, akingoja wasukume mabakuli, labda hata wamtukane.

Hakuna aliyeacha kijiko.

"Mama Hilda," Baltazar alisema kwa upole, "moshi ule unaonekana mpaka barabara kuu. Ulidhani kule korongoni wanachoma ubani?"

Benchi zima likacheka. Mmoja akasema moto unaua kila kitu. Mwingine akasema tairi ni utomvu wa mti, walifundishwa shuleni, sasa lina tofauti gani na kuni? Baltazar akamaliza bakuli lake, akaomba kesho arudishiwe ile ya zamani.

Hasira yao alikuwa amejiandaa kuipokea. Kicheko hakukitegemea. Mji mzima ulijua, isipokuwa mpishi.

Jioni alifika kwa Hilda mikono mitupu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasimulia, maneno yakimkatika. Hilda alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto wake Agatha akiwa titini.

"Baba Agatha aliniambia zamani," alisema. "Nikajua na wewe unajua, mama. Ndiyo maana nikawa nakunywa."

Fransiska alitazama koo dogo la mjukuu likipanda na kushuka, likimeza.

Kulipopambazuka alikuwa anashuka tena korongoni, mzigo wa mabua ya mbaazi mgongoni. Yonas alikuwa bado hajawasha. Alimwona, akasita, kisha akasema shikamoo kwa sauti ndogo, kama mtu asiye na hakika kwamba itapokelewa.

Fransiska akautua mzigo kando ya mawe. Akainama, akalichomoa tairi chini ya wavu, akaliinua na kulisimamisha. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alitazama juu ya korongo, akatazama chini yanakopita maji ya mvua kuelekea mashambani.

"Marahaba," akasema, mkono ungali juu ya tairi, maana hakujua alipeleke wapi.