Msumari wa Masanja

Mume wangu Masanja ni fundi wa kuaminika na mbishi wa kuzaliwa. Nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Tangini kazijenga yeye. Ila bahari kaijua ukubwani, mwaka huu, alipopata kazi Dar ya kujenga upya ukuta wa ufukwe wa umma, baada ya ule wa kwanza kubomolewa na mawimbi. Sisi ni watu wa Maswa. Maji tunayoyajua ni ya mto.

Kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Mita arobaini zimeshasimama, watu wameanza kupigia picha pale. Zilibaki ishirini, na msingi wake akapewa Masanja. Injinia aliwaambia mafundi wote: sehemu itakayobomoka tena, fundi wake abebe vifaa aende kwao. Tangu siku hiyo mfuko wa vifaa vya Masanja ulikuwa unalala stoo ya saiti, nami nilikuwa nalala usingizi wangu vizuri tu.

Alhamisi akarudi anachekacheka. "Mama Holo, tumemwaga zege mita zote ishirini!" Wiki iliyopita aliangalia maji yanapoishia, akapigilia msumari kwenye kipande cha ukuta wa zamani, akajenga juu ya alama hiyo. Ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya mtoni. Injinia alisema waweke viroba vya mchanga kukinga zege mpaka likauke. Masanja hakuweka. "Vya nini? Maji hayafiki."

Ijumaa asubuhi nikampelekea chai mwenye nyumba wetu, Bi Rukaya, mzaliwa wa Kisarawe aliyewahi kuolewa pwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Kabula. Chai rudisha, leo nimefunga. Mwezi umefika siku ya kumi na nne. Na baba Holo awe macho huko, bamvua hili! Saa kumi jioni maji yatapanda mpaka basi."

"Kwani si yanaishia palepale kila siku?"

Akacheka akajishika kiuno. "Nani kakudanganya? Wiki iliyopita yalikuwa maji mafu, hayapandi. Sasa ndiyo yanakuja yenyewe."

Nikampigia Masanja simu mara tisa, haipokelewi. Maharage yakaungua jikoni nikiwa nimesimama pembeni yake. Saa nane ndipo akapokea, nikamweleza aliyosema Bi Rukaya.

"Alama ninayo, mke wangu."

"Alama yako ni ya maji mafu, kichwa ngumu wewe! Weka viroba!"

"Bi Rukaya amekuwa injinia lini?"

"Baba Holo, nakuomba."

Nikamsikia akipiga kelele, "Jamani, viroba! Haraka!" Simu ikakatika.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja, simu yake imezimwa. Nilifagia uwanja mara tatu. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia bahari, nikajikasirikia na mimi niliyelala usingizi wa pono Alhamisi nzima nisiulize kitu. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Magharibi, Bi Rukaya ndio kwanza anafungua kwa tende, geti likalia. Masanja huyo, chumvi imemkaukia usoni. Begani ana mfuko wa vifaa.

Nikautolea macho ule mfuko. "Wamekufukuza."

Akakaa kwenye ngazi. "Maji yamechukua mita nne. Injinia akauliza nani aliacha kuweka viroba. Wenzangu wote wakaangalia chini. Nikanyoosha mkono."

"Mungu wangu! Na zile kumi na sita?"

"Zimekaa. Viroba vimezishika. Injinia kasema niliyekiri nirekebishe mwenyewe, kesho tunaanza hizo nne upya."

"Sasa huo mfuko?"

"Vifaa vimelowa chumvi, na bomba la saiti limekatika. Nimevileta nivioshe hapa."

Nikamvurumishia kandambili. "Ungepiga simu, mshenzi wewe!" Nilikuwa nalia na kucheka pamoja.

Akaiokota, akaniwekea miguuni. Kisha akatoa mfukoni ule msumari, umepinda, akauweka kwenye sahani ya tende mbele ya Bi Rukaya. Mtu huyu tangu nimjue hajawahi kumuuliza mtu hata njia.

"Bibi," akasema, "bamvua lingine lini?"